Mtoto Hucheza Ndege

Pipa tupu la mafuta lina sauti mbili. Ukilipiga kwa fimbo linalia kama ng'ombe aliyenasa topeni; ukilikanyaga kwa kisigino cha kiatu kigumu linacheka. Hiyo ya pili naijua vizuri kuliko mtu yeyote wa Ipyana, maana visigino vilikuwa vyangu, na kicheko kile cha bati kilikuwa kinatoka chini ya miguu yangu nikiwa na miaka minane. Mpaka leo nikipita kwa mafundi bati pale Kyela mjini, wakiwa wanapasua mapipa watengeneze karai na ndoo, nageuza njia. Wenzangu saluni wanashangaa, maana mimi jina langu ni Sekela, na kwa Kinyakyusa jina hilo ni kumwambia mtu, furahi. Na kweli nafurahi. Nasuka vichwa vya watu toka asubuhi nikiimba, nikiota ndoto zangu za mchana, wateja wanasema mkono wangu hauumi kwa sababu nacheka. Lakini mtu anayecheka naye ana chumba kimoja amekifunga kwa ufunguo. Leo nakifungua, na mniwie radhi kama humo ndani hakuna ucheshi mwingi.

Tuanzie Makwale, kwa bibi mzaa mama, kwa sababu mimi nilianzia huko. Nyumba yake ilikuwa na migomba nyuma, mikokoa ubavuni, na mbele yake majaruba ya mpunga yaliyotanda mpaka macho yachoke. Ukifika wakati wa kuvuna kokoa, kabla hujamwona mtu ulikuwa unapokewa na harufu: zile mbegu zimevundikwa chini ya majani ya migomba, zinachacha, zinanuka utamu wenye ukali, kama togwa iliyolala siku mbili. Watoto wa leo wanajua kokoa kwa bei yake tu. Mimi nilikuwa naijua kwa pua, na pua haisahau. Na juu ya yale majaruba walikuwepo yangeyange, ndege weupe wale, wamesimama kwa mguu mmoja kana kwamba wamesahau walichofuata, au wanatembea nyuma ya ng'ombe wakidonoa wadudu. Bibi alikuwa anawatazama kama watu wengine wanavyotazama watoto wa jirani. Alikuwa anawasema. "Mwone yule, mvivu kama baba yake."

Bibi ndiye aliyenifundisha kucheza. Nyumbani kwake kulikuwa na sheria ambayo sijaikuta mahali pengine, labda ilikuwa ya ukoo wake, labda aliitunga mwenyewe, na watu wote pale waliifuata: mtoto hucheza ndege, mtu mzima ndiye anacheza mtu. Basi kila mtoto wa ukoo alipewa kiumbe wake, ndege au hata samaki. Mama yangu utotoni alipewa bata. Mjomba alipewa kambale, na mpaka ana mvi watu walimtania waseme hebu jigaragaze, mjomba. Mimi nikapewa yangeyange. Ngoma yake ilikuwa na vipande saba. Unaanza kwa kusimama mguu mmoja, kimya, mpaka mpigaji ngoma akuchoke. Halafu shingo. Halafu unautoa mguu polepole kama unaung'oa kwenye tope, vidole vikiwa vya mwisho kutoka. Vipande vingine nitavisema mbele, nikiweza. Nilimwuliza Bibi siku moja kwa nini nisicheze kama kina mama wa ngoma, wale wanaokwenda na kurudi kwa mabega, uso umetulia kama maji ya mtungini. Aliacha kupepeta mchele akanitazama. "Umezaa?" Nikacheka, nikasema hapana. "Umezika?" Hapana. "Umeolewa, ukarudi, ukaenda tena?" Hapana, Bibi. "Sasa utamchezaje mtu, na wewe hujamjua? Cheza ndege. Ndege unamjua."

Na akaniwekea agizo. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mimi nikimtoa mvi, akasema siku akiondoka hataki watu walie tu na kuimba kwa kitabu, anataka ngoma ilie kama walivyozikwa wazee wake, na mimi yangeyange nimtangulie mpaka shimoni. "Umewahi kumwona yangeyange akamwacha ng'ombe wake?" Nikasema sijawahi. "Basi mimi ndiye ng'ombe wako." Tukacheka sana, maana Bibi alikuwa mwembamba kama ufito. Lakini nilikubali. Nilikubali kwa moyo wote, kama mtoto anavyokubali jambo kabla hajajua kwamba wakubwa wanaweza kulivunja kwa niaba yake.

Sasa Baba. Baba alikuwa karani wa ushirika, na ushirika ulipoyumba alirudi nyumbani na kalamu mbili mfukoni na hasira ya kimyakimya. Ilikuwa miaka ile ya ruhusa, kila mtu ameruhusiwa kuuza chochote, na sisi wa mpakani tulikuwa na ndugu ng'ambo ya mto Songwe tangu zamani. Akaanza kuvuka. Alirudi na sabuni, na betri, na vitenge vimekunjwa kama vitabu, na mafuta ya kupikia. Akafungua duka pale Ipyana barabarani, bati jipya, mlango wa kijani. Tatizo ni kwamba ruhusa haikuwa ya kwake peke yake. Kabla mvua hazijaisha maduka yalikuwa manne, yanatazamana kama majogoo, na yote yanauza sabuni ileile. Baba akanunua redio kaseti yenye spika mbili, akaifungulia muziki wa Kizaire toka asubuhi. Wenzake nao wakanunua redio. Ndipo siku moja baada ya shule nikawa nacheza tu mbele ya duka na rafiki zangu, mchezo wa kitoto, na watu wawili wenye baiskeli wakasimama kutazama. Wakanunua sigara. Baba aliona. Mimi nilikuwa sijui kama ameona, ila alinyanyua pipa tupu la mafuta akaligeuza kifudifudi, akanibeba kwapani akaniweka juu yake. "Hapo wanakuona vizuri, mama," aliniambia, maana akinifurahia alikuwa ananiita mama.

Kama ingeishia hapo nisingekuwa na hadithi. Lakini Baba hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu. Alinipeleka Kyela mjini kwenye banda la video, akanikalisha benchi la mbele, akaninunulia andazi, akaniambia nisimtazame mwimbaji, niwatazame wale wanawake wanaocheza nyuma yake. Nikawatazama. Kesho yake mnadani, kwenye marundo ya mitumba, akanichagulia viatu vya mwanamke mzima, vyekundu, kisigino kirefu kama shingo ya chupa. Vilikuwa vikubwa mno, tukavijaza vipande vya kanga ya zamani ya Mama mbele ya vidole. Nilianza kucheza kama nilivyozoea na Baba akazima redio. "Sekela, usicheze kitoto. Utoto watu wanao majumbani kwao, hawasimami barabarani kuutazama." Hayo maneno nimeyabeba miaka ishirini. Nimeyapindua huku na huku nikitafuta upande ambao una upendo. Bado natafuta.

Na ukweli mchungu niuseme, la sivyo nitakuwa mwongo: nilipenda. Nilipenda lile pipa. Nilikuwa mtoto wa kuota ndoto, na juu ya pipa nilikuwa naona mbali, naona watu wanakuja na matenga ya samaki kutoka Matema wanapunguza mwendo, wanasimamisha baiskeli. Wananijua kwa jina. Niliamini kabisa kwamba siku moja gari lingesimama, mtu ashuke aseme, huyu ndiye tuliyekuwa tunamtafuta. Jioni vidole vilikuwa vimechubuka na nilivificha. Sikuwa nalazimishwa kwa fimbo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba Baba alitumia furaha yangu mwenyewe kunivutia. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hawakusema habari ya aliyepandishwa juu yake ili livume.

Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya kwanza, mwanamke aliyepiga pasi hata kitambaa cha kichwani. Mwanzo alikuwa anajua nacheza dukani, hajui nacheza nini. Siku ya kujua alitoka kanisani Jumapili akapitia barabarani badala ya njia ya migombani. Alisubiri tukae kula, wali na samaki mbasa wa kukaanga, akaanza bila kumtazama Baba.

"Mtoto wangu si kibao cha duka."

"Kibao kinacheza?" Baba akasema. "Mtoto anacheza. Watoto wanacheza. Au kwenu Makwale watoto wanalima tu?"

"Kwetu Makwale mtoto anacheza mtoto. Wewe umemfundisha mtu mzima. Hata uso wake ule si wake, Baba Sekela. Nimemtazama nikamtafuta mwanangu usoni simwoni."

"Mama yako na ndege zake! Dunia imefunguka, nyie bado mnacheza bata. Huyu atakwenda mbali. Wenzake Mbeya huko wanapanda majukwaani."

"Majukwaani kwenye mapipa?"

"Samaki mkunje angali mbichi."

"Umkunje, sawa. Umkunje umwelekeze wapi?"

Waliendelea hivyo mpaka samaki akapoa. Ndugu msomaji, mimi nilikuwa nimekaa katikati yao, mkono kwenye sahani moja na Mama, na hakuna aliyenigeukia aulize, wewe Sekela, unasemaje? Walikuwa wananizungumza kama watu wanavyozungumza mpaka wa shamba. Huyu anasema unapita hapa, yule anasema unapita pale, na udongo hauulizwi.

Siku iliyomaliza mchezo ilikuwa siku ya soko, wakati wa mavuno ya mpunga, barabara imejaa magunia. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote na Baba alikuwa amefungua redio mpaka spika zinakoroma. Nikawa nacheza. Mwanamume mmoja mnunuzi wa mpunga, mtu mzima mwenye kofia ya pama, mgeni, akasema kwa sauti kubwa, "Mwenye duka, hii bidhaa nayo inauzwa? Nianze kuleta ng'ombe wa mahari?" Watu wakacheka. Mimi sikuelewa yote, ila kicheko kile nilikijua kuwa si cha mchezo wetu. Kilinipita mwilini kama maji baridi. Nikamtazama Baba. Nilitazama kama unavyotazama ukuta wa nyumba mvua inapokuja, una hakika upo. Baba alicheka. Akasema, "Lete kumi kwanza tuongee," akampimia mafuta.

Hajawahi kunieleza kicheko kile. Nimemsamehe mambo mengi mzee wangu, amenisomesha mpaka darasa la saba na ningefaulu angeniendeleza, najua. Kicheko kile bado sijakisamehe, na naandika hapa nikiwa nimekunja uso. Najua atasema alikuwa anafanya biashara, mteja hajibiwi vibaya. Ndiyo, Baba. Lakini mimi nilikuwa juu ya pipa.

Maneno yale yalifika kwa Mama kabla hata jua halijageuka. Alikuja mbio, kanga moja imefungwa vibaya, mwanamke yule wa kupiga pasi vitambaa. Alipasua watu kama anapasua mpunga, akanishika mkono akanivuta chini, nikaanguka magoti kwenye mchanga. Kiatu kimoja kikabaki juu ya pipa, kimesimama peke yake. Nilidhani atanikumbatia. Badala yake akanipiga kofi, pale mbele ya watu, akasema, "Huna haya?" Mimi! Mimi ndiye sikuwa na haya. Yule mwenye pama alikuwa anafunga chupa yake ya mafuta. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Watu wazima barabara nzima, na aibu yote wakaipakia kwenye mgongo wa mtoto mwenye kiatu kimoja.

Kuanzia siku hiyo Mama alipiga marufuku, na marufuku yake ilikuwa pana kama gharika. Hakukataza pipa tu. Alikataza kucheza. Nikirukaruka uani ananiita. Nikitikisa kichwa redio ya jirani ikipita ananiita. Nikamwambia, basi yangeyange je, ile ya Bibi? Akasema, "Hata hiyo. Ndiyo iliyokuonjesha." Nikamwomba nikamwone Bibi, maana likizo ilikuwa imefika na kila likizo nilikuwa nakwenda. Akasema sitakwenda, nikienda nitachezeshwa. Habari zilikuja kwamba Bibi anakohoa, hatoki tena uani. Mama alikuwa anakwenda kumwuguza anarudi, mimi naachwa na mdogo wangu. Baadaye sana ndipo nilijua kwamba kwenye kwaya walikuwa wameanza kumnong'ona, yule binti wake wa pipa, na yeye alikuwa anaogopa kuondolewa kwenye mstari wa mbele. Kumbe na Mama naye alikuwa na duka lake. Bidhaa yake ilikuwa jina, na mimi nilikuwa namvurugia wateja.

Baba naye hakunitetea na hakuniomba radhi, aliligeuza pipa akalijaza maji ya mvua. Ngoma ya kitoto haikeshi, watu husema, wakimaanisha mambo ya watoto hayadumu. Yangu haikukesha kwa sababu wakubwa wawili waliivuta, huyu ngozi na yule mti, mpaka ikapasuka.

Bibi alifariki mpunga ukiwa umeshaingizwa ghalani. Mjomba alisimamia agizo lake, mzee wa kanisa akanung'unika kidogo kisha akakaa kivulini, na ngoma kubwa zikatolewa. Niliposikia zile ngoma toka mbali, tukiwa bado njiani, machozi yalikuja lakini na kitu kingine pia kilikuja, nitasemaje, kama furaha iliyovaa nguo nyeusi. Nilijua kazi yangu. Jeneza lilipotolewa nje Mjomba akaita kwa sauti, "Yangeyange yuko wapi? Ng'ombe anaondoka!" Watu wakageuka. Mama alinitazama, nikaona ameshindwa la kufanya, maana marufuku yake haikuwa na nguvu mbele ya agizo la marehemu. Akaniachia mkono.

Nikaingia uwanjani peku. Mpigaji ngoma alikuwa mzee wa palepale, ananijua toka nikiwa mgongoni, akapunguza mwendo kunisubiri. Nikasimama kwa mguu mmoja. Hapo nilikuwa sawa. Nikanyoosha shingo, sawa. Nikautoa mguu kwenye tope. Halafu ngoma ikaniuliza cha nne, na cha nne hakikuwepo. Nilikitafuta miguuni, hakikuwepo. Miezi mingapi nilikuwa nimekataliwa hata kukipitia! Na mwili, jamani, mwili hauwezi kusimama mtupu ngoma ikilia. Ukikosa cha kwako unatoa ulichojazwa. Bega likaanza lenyewe. Kisigino kikainuka kutafuta kiatu ambacho hakikuwepo. Na usoni, mbele ya jeneza la bibi yangu, nikasikia ule uso wa banda la video unanivaa. Nilikuwa nacheza pipa. Najua kwamba nacheza pipa, na nashindwa kuacha.

Ngoma ilinyamaza, nadhani mzee alishtuka mkono. Watu wakaguna. Vijana wawili nyuma wakacheka. Na kwenye kimya kile nikasikia kofi, pa, pa, mara mbili: mtu alikuwa anapiga makofi. Alikuwa Baba. Mkono wake ulikuwa umezoea kunipigia pale pipani, akashtuka, akaushika kwa mkono mwingine kama mtu aliyekamata kuku. Mama alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Hakuna hata mmoja wao aliyeingia uwanjani. Aliyeingia ni jirani wa Bibi, mama mmoja mzee asiye ndugu yetu, akanishika bega akaniambia taratibu, "Ndaga, mwana. Ndaga. Inatosha." Ndaga ni asante. Asante ya nini? Sikuwa nimefanya kitu. Bibi alitangulia mbele bila yangeyange wake, na mimi nilibaki nyuma ya watu, naona visogo tu.

Kurudi tulipita kwenye majaruba, Baba anasukuma baiskeli, mdogo wangu amelala kwenye kiti cha nyuma. Hatukufika hata mferejini wakaanza tena. "Ni lile pipa lako," Mama akasema. "Ni marufuku yako," Baba akasema, "ungemwacha aende kwa bibi yake angekumbuka." "Angekumbuka nini na ulishamjaza takataka?" Na kwenye vijiti vya mpunga uliovunwa yangeyange walikuwa wametapakaa, weupe, hawana habari. Nilisimama nikawapigia kelele. Nilipiga kelele isiyo na maneno mpaka wakaruka wote, na wazazi wangu wakanyamaza kwa mara ya kwanza, wakageuka. Nilidhani sasa wataniuliza. Mama akasema, "Twende, jua linazama." Ndivyo ilivyokwisha.

Siku hizi nina binti wa miaka sita. Nimempa jina la Bibi, Tumpe. Mwaka huu alikuwa anamaliza chekechea, na walimu wakatuita wazazi kutuonyesha matayarisho ya sherehe. Watoto walipangwa mistari, spika ikafunguliwa, na nikauona ule uso. Watoto kumi na wangapi sijui, wote wamevaa uso mmoja wa mtu mzima, na wazazi wamesimama na simu juu wakirekodi. Baba yake Tumpe akacheka, akasema, "Ah, Mama Tumpe, si watoto tu hao." Mwingine akadakia kwamba kucheza wasicheze kabisa, waimbe mashairi wamesimama wima. Pakatokea ubishi, nusu huku nusu kule, na mimi mwenye mkono usiouma nikasikia moyo unadunda kama pipa. Nikasimama. Mimi si mtu wa kusema mkutanoni, darasa la saba langu linanitosha kuhesabu nywele. Nilisema kwamba pande zote mbili mnakosea, mnaowapandisha na mnaowafunga miguu, na kwamba hao wanaozungumzwa wako hapo hapo, wana masikio, muulizeni mmoja tu. Wakaniona nimechanganyikiwa. Mwalimu akasema tuendelee na ajenda ya chakula.

Basi Jumamosi nikampakia binti yangu tukaenda Makwale. Kaburi la Bibi liko ukingoni mwa jaruba, mikokoa imelifikia. Nimewauliza wazee wote waliobaki habari ya kipande cha nne na vinavyofuata, hakuna anayevikumbuka. Kila mtoto alikuwa na ngoma yake na ya kwangu nilikuwa nayo mimi. Nilikuwa nayo. Nikamwambia Tumpe habari za bibi yake mkuu na sheria yake, kisha nikachuchumaa nikamwuliza lile swali ambalo nimelisubiri toka nikiwa na miaka minane.

"Wewe unataka kucheza nini?"

Akafikiri, kidole kinywani. Yangeyange walikuwa hatua ishirini tu, mbele ya macho yake, na mimi mjinga nikawa namwombea kimoyomoyo awaone.

"Bodaboda," akasema.

Akashika usukani wa hewa, akavimbisha mashavu, akawasha. Alizunguka kaburi la Bibi akinguruma, akapiga honi kwenye kona, akasimama akapakia abiria asiyeonekana, akamwambia shikilia vizuri, mama. Uso wake ulikuwa wake. Ndege wakaruka kwa kelele zile. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na hasira bado ilikuwepo, imekaa nami pale majanini, haikuondoka na sikuifukuza. Aliponipita mara ya tatu alipiga breki.

"Mama, na wewe unacheza nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikavua viatu, nikasimama kwa mguu mmoja.